Tupeane uzoefu: pambo la mbao ulilochonga mwenyewe likakutoa machozi

Mpenda Mpingo: Wakuu, uso wa mpingo niliouchonga kwa ajili ya ukuta wa sebuleni umepasuka jana, kuanzia kwenye paji mpaka karibu na kidevu. Nilishaupaka nta, unang'aa. Nimeumia sana. Wenye mikasa kama hii njooni, hasa tunaochongea nyumbani.

Mama Nakshi: Pole sana ndugu. Hapo gogo lilikuwa na kiini ndani. Mti ukikauka hunywea zaidi kwa kuuzunguka mzingo wake kuliko kuelekea kiini, karibu mara mbili, kwa hiyo kipande kizima chenye kiini lazima kipasuke mahali. Mimi napasua gogo katikati kwanza ndipo nashika patasi.

Patasi Kali: Kweli kabisa dada. Kiini ni adui.

Babu Randa: Mnakisingizia kiini. Tatizo ni haraka. Ncha za gogo hukauka mapema kuliko ubavu, ndiyo maana nyufa huanzia huko. Zipake nta au rangi nzito siku ileile unapokata, weka kivulini penye hewa. Kwa kila sentimita 2.5 za unene subiri kama mwaka mmoja.

Mama Nakshi: Mwaka, babu? Na mpingo mkavu unavyomaliza makali ya patasi! Chonga mbichi, acha nyama nene, fukia kwenye mfuko wa karatasi pamoja na vumbi lake ukauke polepole, kisha umalizie.

Babu Randa: Mjukuu wangu, mbichi ni mbichi tu. Utakuja kuniambia.

Fundi wa Usiku: Nyie mnalilia nyufa, mimi nusura nyumba iungue. Nilikuwa namalizia ubao wa nakshi za maua, naupaka mafuta ya kitani kwa matambara. Jioni mdogo wangu akafanya usafi kwa nia njema, akayakusanya yote akayashindilia kwenye ndoo ya plastiki chini ya meza ya kazi. Usiku nikaamshwa na harufu kali, kama mafuta ya kukaangia yaliyoungua. Nafungua mlango, moshi umejaa, ndoo imeyeyuka upande mmoja, katikati ya matambara panawaka wekundu. Hakukuwa na kiberiti wala jiko humo ndani! Nilimwaga maji huku natetemeka. Ubao ulikuwa umeegemezwa pale pale, petali za chini zote zimekuwa mkaa. Watoto walilala chumba cha pili.

Patasi Kali: Mungu mkubwa!

Kijana wa Msasa: Matambara yajiwashe yenyewe? Hapana mkuu, kuna mtu alitupa sigara.

Fundi wa Usiku: Kwangu hakuna anayevuta. Soma onyo kwenye kopo. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji, yanashika oksijeni ya hewani, na kazi hiyo inatoa joto. Ukiyarundika, joto halina pa kutokea.

Mama Nakshi: Anasema kweli. Yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae, au yaloweke kwa maji kwenye kopo la chuma lenye mfuniko.

Kijana wa Msasa: Basi nimeelewa, na langu rundo lipo nyuma ya mlango. Naenda sasa hivi.

Mpenda Mpingo: Jamani, na uso wangu?

Patasi Kali: Jaza ufa kwa gundi na vumbi la mpingo wenyewe, piga msasa namba 220, hauonekani. Vaa barakoa, vumbi lake linawasha.

Babu Randa: Usijaze sasa. Mti bado unatembea, yaani unaendelea kunywea, gundi itaachia. Ukitulia, chonga kwa nyuma vipande vyenye umbo la kipepeo, uvipachike kukatiza ufa.

Mama Nakshi: Mimi ningeuacha na ufa wake. Uso wenye alama una maisha.

Mpenda Mpingo: Babu, vipepeo viwili vinatosha? Ufa una urefu wa kiganja.

Babu Randa: Viwili, cha kwanza karibu na mwisho wa ufa. Nyuzi zake zikatize ufa, zisiende nao.