Naombeni ushauri: apatimenti Firenze katikati ya mji wa zamani, ghorofa ya nne, nasafiri na mama

MamaZuu_Tabata

Habari zenu wadau, naombeni mawazo yenu na ikiwezekana kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndo mwisho wa kughairi bila kukatwa, baada ya hapo hela imekwenda.

Mdogo wangu wa mwisho anahitimu masta yake Firenze, Italia, mwezi wa saba, kule mtu akishatetea tasnifu anavalishwa taji la majani kichwani, na mama toka aone picha ya mwenzake kasema hilo taji ataliona kwa macho yake sio kwenye simu. Tunaenda watu wanne, mimi, mama ana miaka 68 magoti yanamsumbua, tambarare anakwenda vizuri tu ila ngazi ndo kilio, na wanangu wawili wa miaka 9 na 14. Usiku nane. Hoteli ingebidi vyumba viwili halafu mama siku nane bila kushika mwiko hawezi, ndo nikabuku apatimenti karibu na kanisa la Santa Croce, yaani picha zake we acha tu, dari ya maboriti kama nyumba za zamani za Bagamoyo, dirishani unaliona kuba la kanisa kuu lile jekundu.

Sasa roho haijatulia. Imeandikwa ghorofa ya nne na neno lifti sijaliona, nimemuuliza mwenye nyumba kajibu tu kwamba ngazi sio mbaya. Kaomba picha za pasipoti zetu wote. Halafu jana kaniambia hela iliyobaki nimrushie benki moja kwa moja nje ya mtandao tuliobukia, eti atanipunguzia. Mume wangu naye anashauri tukodi gari pale uwanja wa ndege Roma ili mama tumshushe mlangoni. Mnaojua huko, nishike au niachie?

Kisauni_Original

Dada hiyo ya gari achana nayo leo leo. Sisi 2022 tulikodi, tukaingia Firenze tukifuata ramani ya simu mpaka mlangoni, hakuna askari hata mmoja alotusimamisha, tukalala, tukarudi Mombasa tukasahau. Baada ya miezi kadhaa barua zikaanza kuja. Ule mji wa ndani wote ni eneo wanaita ZTL, gari isiyo na ruhusa haiingii saa za mchana siku za kazi na hata baadhi ya usiku wa kiangazi, na kila njia ya kuingilia ina kamera inasoma namba ya gari. Tulizunguka kutafuta pa kuegesha tukapita kamera tatu, faini tatu, na kampuni ya gari nayo ikakata yake kwenye kadi kila mara kwa kazi ya kutaja jina letu tu. Pesa ile mpaka leo yaniuma.

Mkilazimika na gari, kuna maegesho ya Villa Costanza, waingia moja kwa moja kutoka barabara kuu ya A1 bila kugusa mji, waacha gari hapo wapanda tramu ya T1 mpaka stesheni. Lakini kwa mama mwenye magoti mimi ningechukua treni. Kutoka uwanja wa Fiumicino kuna treni mpaka Roma Termini nusu saa tu, halafu ile ya kasi mpaka Firenze saa moja na nusu hivi, mama amekaa amenyoosha miguu anaangalia mashamba.

Binti_Mkunazini

Dada yangu MamaZuu, mie nipo Firenze mwaka wa sita na kazi yangu ni kusafisha hizi hizi nyumba za wageni, kutandika vitanda na kubeba mashuka juu chini, kwa hivyo ngazi za mji huu nazijua kwa miguu yangu. Naomba unisikilize hili kwanza kabla ya mengine yote: usimpandishe mama ghorofa ya nne.

Majumba ya hapa dari zake ndefu, ghorofa moja ya kwao ni kama moja na nusu ya kwetu. Tena mara nyengine kati ya chini na ya kwanza kuna kighorofa kidogo kati hapo hakihesabiwi, ukifika juu ushapanda tano. Ngazi zenyewe ni za mawe, zimelika katikati kwa miaka mingi ya kukanyagwa, zimefanya bonde, kiatu kinateleza kuelekea katikati hata kama kikavu. Kwengine hakuna mkono wa kushika, pana kamba nene tu imefungwa ukutani kwa pete za chuma. Na taa ya ngazini unabonyeza inawaka kisha inajizima wewe ukiwa nusu ya njia. Mie na umri wangu huu nikiwa na kapu la mashuka napumzika mara mbili. Mama atapanda siku ya kwanza kwa furaha ya kufika, siku ya pili atasema nyie nendeni mie nipo, na safari yake itakuwa imeishia dirishani.

Jengine, hayo maboriti mazuri maana yake upo chini ya paa. Mwezi wa saba hapa joto linapita 35, mji upo bondeni upepo hauingii, na vigae vinachoma mpaka usiku wa manane. Uliza kama kuna AC na kama ipo chumba cha mama, maana pengine wameweka moja tu sebuleni. Na mbu wapo dada, usidhani Ulaya hakuna mbu, madirisha hayana nyavu.

Pasipoti usiogope, hiyo ni sheria. Mwenye nyumba lazima apeleke majina ya wageni polisi ndani ya saa 24. Ila si lazima umtumie picha miezi mitatu kabla, aangalie mkifika, mwambie hivyo kwa adabu. Hela nje ya mtandao HAPANA. Akipotea hakuna wa kumdai. Tena angalia tangazo lake kama lina namba inaitwa CIN, tangu 2025 kila nyumba ya wageni Italia lazima iwe nayo na iandikwe kwenye tangazo na mlangoni pia. Isipokuwepo kimbia. Kitu pekee utakacholipa mkononi kihalali ni kodi ya jiji, kwa kila kichwa kwa kila usiku, mwisho usiku saba, na mtoto wa miaka 9 halipiwi.

Tumaini_K

Samahani labda sijaelewa, mdogo wako si yupo hukohuko Firenze? Kwa nini asiende kuzipanda hizo ngazi mwenyewe akuambie?

MamaZuu_Tabata

Tumaini yupo, ila sikutaka kumsumbua yuko kwenye kumalizia tasnifu, halafu ni surprise kwa upande wa mama kukaa sehemu nzuri. Lakini umesema kweli. Ngoja nimpigie.

Binti nimesoma maneno yako mara mbili nikamsomea na mume wangu, hapo pa safari kuishia dirishani nimeona kabisa sura ya mama. CIN nimetafuta sijaiona.

Mzee_wa_Perugia

Wanangu hamjambo. Mimi nilisomea lugha Perugia kwenye kile chuo cha wageni miaka ya themanini, Firenze nimelala mara nyingi. Nakubaliana na Binti kwenye ngazi na kwenye hela, ila nisingependa mtu aondoke hapa akidhani mji wa ndani haufai. Mji ule una masaa mawili matamu, alfajiri kabla watalii hawajashushwa na mabasi, na usiku wakishaondoka. Ukilala mbali hayo masaa huyapati. Pale Santa Croce tembea uangalie kutani, kuna vibao vya mawe vyenye mstari unaoonyesha mafuriko ya mto Arno yalipofika tarehe 4 Novemba 1966, mstari uko juu kupita kichwa cha mtu mrefu, nilisimama chini yake nikanyoosha mkono sikuufikia. Vitu kama hivyo mtoto wa miaka 14 hasahau. Tafuta ndani ya mji lakini ghorofa ya kwanza au yenye lifti, zipo, ng'ambo ya mto upande wa Santo Spirito na San Frediano.

Binti_Mkunazini

Shikamoo mzee. Kweli zipo, ila mwezi wa saba yenye lifti ndani ya mji bei yake inaruka, na kelele za usiku Santo Spirito na Sant'Ambrogio kwa mtu mzima si mchezo, saa nane watu bado wanaimba na wakimaliza kuimba linakuja gari la kukusanya chupa.

Na mie nina jambo langu moyoni kwenye hili, mniwie radhi. Jengo moja ninalofanyia kazi lina nyumba tisa, aliyebaki mwenyeji ni bibi mmoja ghorofa ya pili, wengine wote ni masanduku ya magurudumu yanapita mlangoni kwake usiku na mchana. Ananiita nikipita, ananipa kahawa, anasema zamani alijua nani anapanda kwa kusikia hatua tu. Oktoba 2023 jiji lilipitisha kuzuia nyumba mpya za wageni ndani ya ule mji wa urithi wa dunia, na 2025 wakavipiga marufuku vile visanduku vya funguo vinavyoning'inia kutani. Kwetu Mji Mkongwe naona mambo yanaelekea hukohuko, nikirudi Mkunazini kila mwaka nakuta mlango mwengine umekuwa wa wageni. Sisemi mtu asije, kazi yangu inatokana na wageni. Nasema tu kama unaweza kukaa nje kidogo kwa watu wanaoishi, kaa. Tafuta kando ya tramu ya T1, vituo vya Batoni, Talenti, Federiga. Majengo ya huko si ya karne za nyuma, mengi yana lifti, soko na duka la mboga vipo chini, na tramu inapita kila baada ya dakika chache.

MamaZuu_Tabata

MREJESHO. Mdogo wangu kaenda jana jioni na baiskeli, kamuomba jirani amfungulie, kapanda mpaka juu anahesabu kwa sauti kanirekodia video. Ngazi 97. Tisini na saba wadau, na kuanzia ghorofa ya tatu hakuna hata hiyo kamba ya kushika. Mlangoni hakuna namba ya CIN. Nimeghairi usiku uleule, hela yote inarudi, na mwenye nyumba hakujibu hata neno.

Saa hii nina nyumba nyingine mbele yangu karibu na kituo cha Talenti, ghorofa ya tatu ina LIFTI imeandikwa, CIN ipo, AC vyumba vyote viwili. Kuba halionekani ila mama hapandi kitu. Maswali ya mwisho: viza tumeshaomba kwa anuani ile ya kwanza, je italeta shida? Na mama anauliza ugali.

Kisauni_Original

Ya viza, wajulisheni mlipoombea kama haijatoka, ikiwa imetoka beba karatasi ya bukingi mpya na bima pamoja mkononi, sio kwenye sanduku. Akiulizwa mama wafikia wapi aonyeshe hiyo.

Binti_Mkunazini

Alhamdulillahi, ngazi 97 zimekwepeka. Ugali mwambie upo: supamaketi nunua unga wa mahindi wanaouita polenta, tafuta ulioandikwa fioretto ndio laini, ule wa istantanea usiuguse ushapikwa kabla, hautashika. Utakuwa wa njano lakini mwiko unasimama. Mkate wa Toscana hauna chumvi kabisa, asidhani umeharibika. Chooni atakuta bideti, beseni la kujisafishia kwa maji, Italia sheria ya 1975 inataka kila nyumba iwe nayo, kwa hivyo hapo atakuwa kwake. Beba adapta, plagi yetu ya pini tatu bapa haiingii. Na umeme wa nyumba nyingi ni kilowati 3 tu, oveni na AC na mashine ya kufulia vikiwaka pamoja nyumba nzima inazima, muulize mwenye nyumba swichi kuu ipo wapi kabla hajaondoka.

Lifti nayo, kama ni ya zamani itakuwa ndogo, watu wawili na sanduku moja, ina mlango wa nje wa chuma na vijilango vya mbao ndani, vyote unafunga kwa mkono. Kimoja kikibaki wazi hata kidogo haiitiki, haipandi wala haishuki, na aliye juu anabaki anasubiri. Waambie watoto wakitoka wafunge vyote, mama asije akakwama juu.