Ubao wa vigingi, chubwi au mikono ya spoki: kipi kinasokota lida vizuri?

Thego_Juu
Salaam wakuu. Nataka kujitengenezea kifaa cha kusokota lida za uvuvi wa nzi bandia (lida ni kile kipande kinachokonda kati ya kamba ya kuvulia na tipeti). Rodi ya kuvulia ni namba 4, mito ni ile midogo yenye vichaka, Thego na Ragati, kwa hiyo lida iwe sm 180: nene kwenye shina, ikonde hadi ncha, kisha tipeti (uzi mwembamba wa mwisho unaofungiwa nzi) ya sm 60 hadi 90. Vilivyopo ni drili ya betri, ubao wa mita 2.4, spoki za baiskeli, na chubwi za gramu 30, 50 na 100. Nalinganisha njia tatu: ubao wa vigingi na drili, kuning'iniza kwa chubwi, au kile kibao cha mikono ya spoki (spoki zilizokunjwa ziwe mikono ya kuzungushia) wanachosokotea kamba. Kila njia inafaa wapi, na inaharibika wapi?

SeremalaKiganjo
Mkuu, ubao haushindani na hizo nyingine. Ubao ndio unaoifanya lida ikonde. Drili, chubwi na spoki kazi yake ni kusokota tu. Ubao utauhitaji vyovyote utakavyochagua, basi tuanze nao.

Lida hufupika karibu asilimia 15 hadi kazi iishe, kwa hiyo ili upate sm 180 anza na sm 212. Lida ina miguu miwili, yaani mafungu mawili ya nyuzi yatakayosokotwa pamoja. Piga kulabu mbili alama ya 0 (shina), moja kwa kila mguu, zikiachana sm 10. Alama ya 212 weka msumari mmoja, uuvishe pete ya tipeti ya mm 2. Katikati, mguu wa kwanza una vigingi sm 90 na 160, mguu wa pili sm 95 na 165. Usiviweke sambamba, maana viungo vya miguu yote miwili vikikutana mahali pamoja patavimba na patakwama kwenye pete za rodi. Vigingi ni misumari ya inchi 3 iliyokatwa vichwa na kulainishwa kwa tupa, imekaa kwenye matundu bila kubana ili ichomoke.

Viringa mita 10 za uzi kwenye bobini ya cherehani, kwa sababu kigurudumu kikubwa hakipiti ndani ya vitanzi. Funga kulabu ya 0, nenda 90, rudi 0, nenda, rudi, nenda: nyuzi tano. Endelea 160, rudi 90, nenda tena 160: nyuzi tatu. Kisha 212, pitisha ndani ya pete, rudi moja kwa moja hadi 0 na ufunge. Hesabu sasa ni nyuzi 6, 4 na 2. Mguu wa pili vivyo hivyo, kupitia pete ileile. Kila mguu unakula takriban mita 9.5.

Sehemu wengi wanapokosea ni pale unaporudi 90 kutoka 160. Bobini ipite NDANI ya vitanzi vya mwanzo, ubavuni mwa kigingi, vitanzi vishikane kama pete za mnyororo. Ukikizungusha kigingi chenyewe, siku ukikichomoa vitanzi vinaachia na uzi unalegea katikati ya lida.

MamaNdoana
Kwa kusokota mimi niko upande wa chubwi, sababu moja: uzito haubadiliki, mkono hubadilika. Pete itundike kwenye msumari wa boriti ya baraza, kimo cha mita 2.6 au zaidi (mlango hautoshi). Kila mguu una chubwi yake ya gramu 50 chini. Chubwi itobolewe ipitishwe kijiti, na kijiti kizuiwe na misumari miwili ukutani kisizunguke. Unasokota mguu kwa drili kutoka chini, polepole, hadi ufupike kutoka sm 212 hadi 191, kisha unauvisha chubwi. Wa pili hivyohivyo, upande uleule wa mzunguko.

Halafu vitanzi vyote viwili kwenye chubwi moja ya gramu 100, uiachie. Itazunguka yenyewe kinyume, ipite kiasi, irudi, iende tena kidogo, itulie. Ikishatulia, msokoto umejisawazisha, huna haja ya kuhesabu mizunguko.

Chubwi ya gramu 30 usiitumie hapa. Ni nyepesi, mguu utajikunja vifundo kabla hujafika 191, na kifundo kimoja kikishaumbika uzi umechubuka. Na upepo ukivuma usisokote nje, miguu itagusana na kuanza kusokotana mapema.

KapiNaKamba
Mikono ya spoki ina faida ambayo drili haina: miguu yote miwili inapata idadi ileile ya mizunguko, kwa wakati mmoja. Kwa drili unasokota mmoja baada ya mwingine na unategemea jicho.

Lakini usitumie spoki mbili. Weka TATU, kwa pembetatu. Zikiwa mbili, mikono ikilala kwenye mstari mmoja na matundu, spoki moja inaweza kugeuka kinyume huku nyingine ikiendelea, na mguu mmoja ukaanza kufumuka. Ya tatu haibebi uzi, inazilinda hizo mbili tu.

Vipimo: vibao viwili vya plaiwudi ya mm 12, vipigwe misumari pamoja na kutobolewa kwa mkupuo mmoja ili matundu yalingane kabisa. Spoki ya kawaida ina mm 2, tundu liwe 2.5. Matundu yaachane sm 5. Kila spoki ikunjwe iwe mkono wenye hatua ya sm 3, zote zikunjiwe kwenye kipande kimoja cha chuma. Ikizidi mm 2 kwa mwenzake kibao kitagoma. Mbele ikunje iwe kulabu.

Upande wa pete tumia swiveli (kiungo kinachozunguka chenyewe), kamba, kapi, na chubwi ya gramu 100 inayoning'inia, ili lida ifupike huku mvuto ukibaki uleule. Swiveli ifungwe kwa pini wakati miguu inasokotwa. Ukiichomoa pini, weka penseli katikati ya miguu karibu na pete, uisogeze taratibu kuelekea shina.

Kasoro yake ni muda. Mguu unahitaji mamia ya mizunguko, na mkono unafanya kama miwili kwa sekunde. Kwa lida moja drili inashinda. Kwa lida kumi zinazofanana, ningechonga kibao.

nta_ya_nyuki
Hamjagusa uzi, nao ndio unaoharibu kazi nzuri. Uzi wa kawaida wa cherehani ni wa nyuzinyuzi fupi, una manyoya, unabeba maji. Ukirusha, matone yananyunyiza juu ya trauti na anatoroka. Chukua uzi wa darizi wa poliesta unaong'aa, 120/2: kwa hesabu ya 6, 4, 2 unapata karibu mm 0.7 kwenye shina na 0.4 kwenye ncha.

Angalia uzi umesokotwa upande gani kiwandani. Ubane sm 10, uzungushe kwa vidole: upande unaoukaza ndio upande wa kusokota miguu. Ukienda kinyume, drili kwanza inaufumua uzi, na lida inatoka laini kama utambi.

Naironi ya mm 0.10 haibebi maji mengi, ila inanyumbuka: ndoana ikichomoka kwenye kichaka, lida inarudi kwa nguvu na kujifunga mafundo.

Thego_Juu
Asanteni sana. Nimeamua: ubao wa Seremala, drili, na chubwi. Swali: nitajuaje kama kosa liko kwenye mguu mmoja au kwenye msokoto wote?

MamaNdoana
Ishike ncha zote mbili, uzisogeze pamoja. Ikining'inia kama U iliyo wazi, iko sawa. Ikijiviringa yenyewe, msokoto wa mwisho haujatosha au umezidi. Irudishe kwenye chubwi. Lakini ukiona mguu mmoja umenyooka na mwingine umeuzunguka kama mtambaazi kwenye mti, miguu haikulingana urefu au msokoto. Hiyo haitengenezeki, ikate uanze upya.

nta_ya_nyuki
Kabla ya kuitoa kwenye kulabu, bana shina kwa vidole ufunge fundo la kitanzi, ukiiachia mapema inafumuka. Kisha iloweke kwenye maji ya uvuguvugu, itundike na chubwi ya gramu 50 hadi asubuhi. Ikikauka, pasha nta kwa kiganja na uipake kutoka shina hadi sm 30 kabla ya pete. Hizo za mwisho ziache bila nta kama unavua kwa nzi wa kuzama.