Waandaaji wa safari za siku moja, acheni kuuza korongo la Ol Njorowa, lililo ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate, kama nyongeza ya Mlima Longonot!

Wadau, tangazo ni lile lile kila wikendi: Longonot asubuhi, Hell's Gate mchana, boti Ziwa Naivasha jioni, nyama choma njiani, yote kwa siku moja kutoka Nairobi. Picha ni ya mtu anayetabasamu katikati ya kuta za korongo. Neno mafuriko halimo. Hata neno viatu halimo!

Tupige hesabu ambayo hawa hawataki kuipiga. Longonot, ukipanda hadi ukingoni, ukazunguka kreta (shimo la volkeno) na kushuka, ni kilomita 13 na nusu hivi, na kilele kiko mita 2,776. Kundi la watu wasiozoea kupanda litachukua saa nne au tano. Basi lililotangazwa kuondoka saa kumi na mbili huondoka saa mbili kwa kungoja waliochelewa, kisha husimama pale juu ya Bonde la Ufa watu wapige picha. Mpaka watu washuke mlima ni saa tisa. Hapo ndipo wanapelekwa Lango la Elsa la Hell's Gate, miguu imekufa, maji yamewaishia, wapewe baiskeli waende kilomita 7 hivi hadi kituo cha askari wa hifadhi, ndipo washuke korongoni. Saa kumi na moja!

Hiyo ndiyo saa ya kutoka, si ya kuingia. Mvua za upande ule mara nyingi hujikusanya alasiri. Tena hatari kubwa si mvua inayokunyeshea wewe, ni ile inayonyesha kwenye miinuko ya juu wakati kwako kuna jua. Korongo lilichongwa na maji yaliyokuwa yakitoka Ziwa Naivasha enzi lilipokuwa kubwa zaidi, na hadi leo mikondo ya maeneo ya juu humwagikia humo. Kuna sehemu ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Maji yakifika hapo hayana pa kutandaa, yanapanda tu. Na wewe uliye chini unaona kipande cha anga tu, kwa hiyo wingu la huko juu hulioni.

Haya si maneno ya kutisha watu. Aprili 2012 maji yaliua vijana 7 wa kundi la kanisa humo ndani. Septemba 2019 yakaua watu 7 tena, akiwemo mwongozaji wao. Septemba! Kwa hiyo mwandaaji anayekwambia "msijali, masika yamepita" hajui anachouza, au anajua na hajali.

Kinachokera zaidi ni suala la waongozaji. Basi la watu 40, mwongozaji mmoja, ili faida ibaki. Mtu mmoja hawezi kuwa mbele kusikiliza maji na wakati huo huo awe nyuma kumshika mkono anayeteleza. Kwa maoni yangu watu 10 kwa mwongozaji mmoja ndiyo mwisho, na wa nyuma kabisa awe mtu anayejua njia. Kabla ya kushuka mwongozaji awaonyeshe sehemu za kutokea wakati wa dharura, maana ukiwa ndani mtandao wa simu hauaminiki na huwezi kupiga kuuliza.

Dalili zinapaswa kutajwa kabla ya basi kuondoka Nairobi: maji ya mkondo yakigeuka kahawia ghafla, vijiti na majani yakianza kuelea, au mngurumo kama wa lori ukitoka upande wa juu. Ukiona au kusikia lolote kati ya hayo, usikimbie kufuata mkondo kwenda chini, maji yatakushinda mbio. Panda ubavuni, mahali pa kwanza panapopandika. Begi liache. Kamera iache.

Viatu: soli yenye meno. Mwamba ule ni wa majivu ya volkeno, laini, umesuguliwa na maji na miguu ya watu, ukilowa unateleza vibaya, na kandambili ni kuvunjika kifundo. Kuna chemchemi za maji moto zinazochuruzika ukutani, nyingine zinaunguza, kwa hiyo usishike kila jiwe linalong'aa. Maji ya kunywa lita 2 kwa kila mtu, chini ya hapo hapana. Baiskeli kagua breki zote mbili na cheni kabla ya kulipa, na ujaze tairi upepo ukiwa bado langoni. Chakula usikiache wazi pale kituoni, nyani wapo. Malipo ya kiingilio ni kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa kulipia mtandaoni, yafanyeni usiku uliotangulia badala ya kupoteza saa nzima langoni mkihangaika na simu.

Korongo linataka siku yake. Toka Nairobi alfajiri kweli, uwe langoni saa tatu, korongoni saa nne na nusu, na saa saba uwe umeshatoka, unakula. Longonot nenda wikendi nyingine.

Kabla ya kutuma pesa muulize mwandaaji haya: mtaingia korongoni saa ngapi, waongozaji wangapi, na askari wakisema pamefungwa kwa sababu ya mvua, pesa inarudi? Asiyerudisha pesa ndiye atakayebembeleza mshuke hata mawingu yakiwa meusi, kwa sababu hasara ni yake. Wekeni hapa majibu wanayowapa.