Negativu za zamani kuingia kwenye kompyuta: skana ya mezani au kamera?

Zawadi_mk
Habari zenu wakuu. Nina boksi zima la negativu za familia, nyingi ni 35mm zilizokatwa vipande vya fremu sita sita, za rangi ndio nyingi, chache nyeusi na nyeupe, halafu kuna zile kubwa za mraba nafikiri ni 6x6. Nataka ziingie zote kwenye kompyuta kabla hazijaharibika. Kamera ninayo ya megapikseli 24 na lenzi ile inayokuja nayo, skana sina ila naona za mezani zinaandikwa dpi 6400 (vidoti kwa inchi), si maana yake ni kali kuliko kamera? Halafu mbona skana ya kawaida ya makaratasi ukiiwekea negativu inatoa kitu cheusi tii? Nishaurini jamani maana hii kazi sitaki kuirudia.

mwanga_mwingi
Karibu. Nianze na hilo la mwisho, skana ya makaratasi inamulika kwa chini na kusoma mwanga unaorudi, wakati negativu inataka mwanga uipite kutoka upande wa pili. Kwahiyo tafuta skana yenye taa kwenye mfuniko, kama Epson V600 au V850, hizo zinakuja na vishikio vya plastiki vya kubania mkanda. Isiyo na taa hiyo achana nayo hata kama ni mpya.

Na hiyo 6400 isikuvuruge akili. Hiyo inakwambia skana inahesabu vidoti vingapi, haikwambii lenzi yake inaona undani kiasi gani. Ukiskani kwa 6400 utapata faili zito la kutisha, ukivuta karibu unakuta kope za mtu zimevurugika vilevile kama ulivyoskani kwa 2400. Fremu ya 35mm ni milimita 24 kwa 36 tu, kwa 2400 unapata pikseli kama 3400 kwa 2270, yaani megapikseli 7.7 hivi, na hata hizo sio zote zina undani wa kweli. Kwa albamu na kutumiana kwenye simu inatosha sana, kwa picha kubwa ya ukutani utaona imelegea. Ila hizo 6x6 zako ndio chakula cha skana ya mezani, fremu ina karibu milimita 56 kila upande, kwa 2400 ileile unapata megapikseli 28!! Hizo usihangaike na kamera.

FundiLenzi
Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu 6x6, ila kwa 35mm mimi ni kamera na sibadiliki. Ukishapanga vitu vyako fremu moja ni sekunde chache, skana ya mezani unakaa dakika nyingi kusubiri mkanda mmoja.

Lenzi yako ya kawaida haitafika karibu vya kutosha, tafuta lenzi ya makro (ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana), au pete za kurefusha kati ya kamera na lenzi kama bajeti inabana. Kamera itazame chini kwenye stendi, chini yake taa ya LED yenye CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi kwa usahihi, mwisho ni 100) ya 95 kwenda juu, taa mbovu itakusumbua kwenye rangi mpaka ukate tamaa. Usiulaze mkanda juu ya taa moja kwa moja, uinue sentimita chache, hasa ukitumia kioo cha tableti maana vile vidoti vya kioo vitatokea kwenye picha. Upande usio na mng'ao ndio wenye picha yenyewe, uelekeze kwa lenzi kisha geuza picha kwenye kompyuta. Piga RAW (faili ghafi la kamera), tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tumia taima ili usitikise kamera, na uzime taa zote za chumba.

Sasa kitu ambacho wengi wanakipuuza: kamera na mkanda lazima viwe sambamba kabisa, la sivyo kona moja itakuwa kali na nyingine ukungu. Weka kioo kidogo cha kujitazamia pale mkanda unapokaa, angalia kwenye skrini ya kamera, sogeza mpaka duara la lenzi yako mwenyewe likae katikati kabisa ya picha. Likishakaa usiguse tena kitu.

Rangi ya chungwa kwenye negativu za rangi isikutishe, ndivyo zilivyotengenezwa. Programu ya bure ya darktable ina kifaa kinaitwa negadoctor, unachagua kipande kitupu cha mkanda kati ya fremu, programu inajua rangi ya kutoa.

pamba_na_brashi
Wakuu mbona hamjagusa vumbi?? Hapo ndipo muda unapoishia. Skana kama V600 ina mwanga wa infraredi (usioonekana kwa macho), rangi za mkanda zinaupitisha ila vumbi na mikwaruzo vinauzuia, kwahiyo programu inajua hasa pa kuziba. Kamera ya kawaida haina hiyo, utaziba kimoja kimoja kwa mkono. Lakini kwa nyeusi na nyeupe hiyo infraredi IZIME kabisa, picha yenyewe ni madini ya fedha nayo yanazuia infraredi, programu itafikiri uso wa mtu ni uchafu na kuuharibu. Kwa vyovyote puliza kila kipande kwa pampu ya mkono, usipulize kwa mdomo, mate yanaacha alama.

Zawadi_mk
Asanteni sana, kwahiyo skana kwa 6x6 na za rangi zenye mikwaruzo, zingine kamera. Swali moja, kuna bahasha mbili zinanuka kama siki, ni kawaida?

mwanga_mwingi
Hapana, hizo zinaoza. Mkanda wa asetati (aina ya plastiki ya mikanda ya zamani) ukianza kuharibika unatoa asidi ya siki, na asidi hiyo inaharakisha uharibifu hata kwa mikanda ya jirani. Zitoe kwenye boksi leo, ziweke mbali na zingine sehemu baridi na kavu, usizifungie kwenye plastiki isiyopitisha hewa. Halafu anza na hizo kabla ya zote, maana zikishasinyaa na kujikunja hakuna kishikio kitakachozinyoosha.