Kiwanja cha kona Bukoba: L moja, au majengo mawili yenye mwanya?

Mwana_Kashai: Wakuu, nina kiwanja cha kona hapa Bukoba mjini. Nataka kupandisha jengo la sakafu nne: chini fremu za maduka, juu vyumba vya kupangisha. Nimechorewa ramani mbili. Ya kwanza ni L moja, ngazi na lifti vimerundikwa mkono mmoja, mbele vioo vitupu. Ya pili inaikata L kuwa mistatili miwili yenye mwanya kati. Ya kwanza inapendeza na ina fremu moja zaidi. Ila tarehe 10 Septemba 2016 nilikuwa hapahapa, na lile tetemeko la 5.9 sijalisahau.

Nondo16: Ya pili. Ardhi ikitikisika, mikono ya L haichezi sawa, inavutana kwenye pembe ya ndani. Nyufa huanzia hapo.

Mhandisi_Ziwani: Naunga mkono, ila kinachonitisha zaidi ni hizo ngazi na lifti. Managua, mji mkuu wa Nikaragua, tetemeko la 23 Desemba 1972 lilikuta majengo mawili ya benki jirani kabisa. Banco Central, ghorofa 15, kuta zake nzito za lifti na ngazi zilikaa upande mmoja. Upande huo ukagoma kusogea, mwingine ukayumba, jengo likajisokota kama nguo inayokamuliwa. Liliharibika vibaya. Banco de América, ghorofa 18, kuta zake za zege zilikuwa katikati, zimelingana kila upande. Ilipata nyufa, hasa kwenye boriti zinazounganisha kuta hizo, lakini ilisimama. Usiku uleule, tetemeko lilelile! Kwa hiyo hata ukichagua ya pili, uliza kila mstatili una kuta zake wapi.

MamaDuka: Mimi si fundi, ila mpangaji wa fremu anataka vioo. Tuzibe mbele?

Mhandisi_Ziwani: Hapana dada, vioo vibaki. Shida ni juu kujaa kuta halafu chini kuachiwa nguzo tupu. Hospitali ya Olive View kule California ilikuwa mpya kabisa tetemeko lilipoipiga mwaka 1971. Kuta za zege za juu hazikufika chini, nguzo za chini zikalala upande. Weka vipande viwili vya ukuta wa zege kwenye kingo za mbele, viwiane na vya nyuma, vitoke kwenye msingi mpaka juu bila kukatizwa.

Fundi_Saidi: Mwanya nao usimamiwe. Saiti moja niliyofanya kazi, nilichungulia nikakuta mabaki ya zege na mbao za fomu zimebanana humo kuanzia sakafu ya pili. Hapo umejenga L ileile kwa gharama ya nguzo za ziada. Safisha kila unapomwaga slabu. Upana autoe mhandisi kwa hesabu ya kuyumba kwa majengo yote mawili, tusikadirie kwa macho. Na ringi za nguzo, yaani vyuma vinavyozungushiwa nondo, zikunjwe ncha ziingie ndani ya zege. Zilizokunjwa pembe ya nyuzi 90 tu hufunguka ganda la nje la zege likibanduka.

Mwana_Kashai: Nimeelewa wakuu. Fremu moja naiacha. Jumatatu narudi kwa mchoraji, lifti ihame kwanza.