Tupeane uzoefu: Dada uliyeitwa "kaka", kaka uliyeitwa "dada", njoo hapa

Dada Boda, Mbeya
Wakuu, poleni na baridi. Naendesha bodaboda, kijiwe changu ni Mwanjelwa. Msimu huu nikishavaa jaketi, mzula na helmeti, yanabaki macho na pua tu. Abiria anakuja: "Kaka, Uyole shilingi ngapi?" Nikitaja bei, sauti inanifichua kuwa ni mwanamke. Wapo wanaocheka na kupanda, na wapo wanaohamia pikipiki ya jirani. Hao wa pili ndio wananikera. Kwenu ikoje?

Mpiga Picha, Iringa
Kamwene dada. Mimi ni wa picha za pasipoti. Wanafunzi wa msingi wote wamenyoa, wasichana kwa wavulana, na picha inaishia mabegani, sketi haionekani. Darasa la saba naandika majina nyuma ya picha, la sivyo nachanganya. Wakirudi kidato cha nne sina shida: mvulana taya limepanuka, pua imekua, mfupa wa juu ya macho umejitokeza. Balehe imeshafanya kazi yake.

Saluni, Makambako
Mimi nasema nyusi. Mteja akikaa na nyusi nene zilizoshukia macho, nikizitinda tu anabadilika kabla sijagusa nywele. Na wanja si pambo tu, jamani. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Richard Russell alitumia sura moja isiyoelemea upande wowote. Ngozi ilipong'arishwa, macho na midomo vikakolea, watu wakaona mwanamke. Ilipofanywa nyeusi zaidi, wakaona mwanaume. Sura ile ile!

Mwanachuo, Mbeya
Hata kompyuta zinachemka. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu za kutambua jinsia kwa picha za wabunge, wakiwemo wa Rwanda, Senegal na Afrika Kusini. Kwa wanawake weusi, iliyofanya vibaya kuliko zote ilikosea asilimia 34.7. Kwa wanaume weupe, hakuna iliyozidi asilimia 0.8. Dada, abiria wako wana nafuu.

Dada Boda, Mbeya
@Mwanachuo nafuu ipi, wakati wananihama? Ila @Mpiga Picha umenifungua: kumbe taya ndilo linalonitambulisha, na ndilo helmeti inalolifunika.

Fundi Mbao, Mafinga
Mimi ndevu hazijawahi kuota. Kiwandani vumbi likinijaa usoni, wanunuzi wageni wananiita "dada wa stoo". Nimezoea, mradi walipe.

Mama Mapacha, Tukuyu
Nina wawili, wa kike na wa kiume, hata meno hawajaota. Hereni ndizo zinazowatofautisha. Juzi kwenye daladala kulwa, ambaye ni wa kiume, alikuwa na kofia ya pinki. Bibi mmoja akamkazia macho, akasema huyu sura ni ya kike kabisa, hata angevuliwa kofia angemjua. Doto mwenye hereni zake alikuwa mgongoni, kajifunika gubigubi. Nikashukuru, nikashuka.