Historia ya ukoloni au utangulizi wa sosholojia: ianze ipi, au zote pamoja?

Mkaazi_Tudor

Salaam wanajukwaa. Nauliza kwa ajili ya wanaoanza shahada ya sanaa hapa Mombasa na wana nafasi ya yuniti mbili za kuchagua. Njia ni tatu. Ya kwanza, historia ya ukoloni Afrika Mashariki muhula huu, utangulizi wa sosholojia muhula ujao. Ya pili ni kinyume chake. Ya tatu, zote mbili kwa mpigo. Alama zinagawanywa sawa: insha na CAT (majaribio ya darasani) 30, mtihani 70. Naomba mlinganishe kazi yenyewe: kusoma kiasi gani, insha yataka nini, na watu huangukia wapi. Ipi nyepesi, hilo silo swali langu.

Bi_Nyaraka

Historia kwanza, ndugu Tudor. Utangulizi wa sosholojia huenda mbio: Comte aliyeipa taaluma jina lake miaka ya 1830, kisha Marx, Durkheim, Weber, halafu familia, dini, elimu, matabaka, uhalifu. Karibu kila wiki mada mpya, na mifano mingi ni ya Ulaya ya viwanda. Mwanafunzi asiye na mfano wake wa kupimia dhana hizo hukariri fasili, na fasili tupu haimbebi kwenye swali la alama 20. Aliyekwisha kuusoma ukoloni wa pwani anao mfano mkononi.

Ila historia nayo ishikwe kwa mikataba na sheria. Kosa ninalolisisitiza kuliko yote ni kuandika kwamba Mombasa ilikuwa sehemu ya koloni. Haikuwa. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 yalimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili kumi kutoka ufukweni. Kampuni ya IBEA (Imperial British East Africa), ya wafanyabiashara wa Kiingereza, ikapata hati ya kifalme 1888, serikali ya Uingereza ikashika usukani 1895, na Sultani akawa analipwa kila mwaka. Bara ilipofanywa koloni 1920, ukanda huu ulibaki himaya, yaani ardhi ya Sultani chini ya ulinzi wa Uingereza, ndiyo maana jina rasmi likawa Koloni na Himaya ya Kenya. Uliingizwa Kenya kwa makubaliano ya Oktoba 1963, miezi miwili tu kabla ya uhuru. Asiyelijua hilo hawezi kueleza kwa nini maofisa wa Sultani, yaani liwali, kadhi na mudiri, waliendelea na kazi hapa. Wala hawezi kueleza Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908: waliopeleka madai wakayathibitisha walipata hati, ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali, na wakulima wengi waliokuwa wakiilima bila karatasi wakajikuta maskwota. Insha ya ardhi ya pwani isiyopitia 1908 haina mguu wa kusimamia.

Shimanzi

Kwa heshima yako Bi Nyaraka, mimi nasema zote pamoja, kwa sharti moja: kisa kimoja kitumike pande zote mbili. Bila sharti hilo, nakubaliana nawe.

Mfano wangu ni neno kibarua. Ni barua ndogo. Karne ya 19, Zanzibar na Mombasa, mtumwa aliyekodishwa nje kwa kutwa aliitwa hivyo kwa sababu ya kijikaratasi cha kazi yake, na ujira wake ulikuwa na fungu la bwana. Hali ya utumwa ikafutwa kisheria katika pwani ya Kenya 1907. Neno halikufutwa. Likahamia kwa mtu huru anayeuza siku yake bandarini Kilindini.

Mwanahistoria akilishika neno hilo huuliza: lini maana ilihama, karatasi gani yaonyesha, nani alinufaika? Atafuata 1907, atafuata reli iliyoanza kujengwa hapa 1896, atafuata migomo ya 1934, 1939, 1947 na 1955, mpaka miaka ya 1950 serikali na waajiri wa bandari walipoamua kupunguza vibarua na kuandika wafanyakazi wa kudumu.

Mwanasosholojia huuliza jingine: uhusiano gani umo ndani ya kazi ya kutwa? Marx atasema mfanyakazi hana kitu cha kuuza ila nguvu zake. Hapo simama, usinakili. Kibarua mwenye shamba Rabai au kwingine bara ya kisiwa aliweza kupakua meli siku kadhaa, kisha akarudi kwao. Hakuwa amekatwa kabisa na ardhi, na uhuru huo ndio uliowakera wasimamizi. Kumbe nadharia yataka marekebisho, na marekebisho hayo ndiyo yanayoleta alama. Weber naye atakuelekeza kwenye rejesta, namba na masharti yaliyoandikwa: utawala unaomjua mtu kwa karatasi yake.

Sasa tazama jinsi insha mbili za mgomo mmoja zinavyofunguka.

Ya historia: "Mgomo ulioanza tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ulihusisha watu wapatao 15,000, wa bandari, reli, hoteli na majumbani, na ukazaa chama kilichoongozwa na Chege Kibachia hadi alipokamatwa na kuhamishwa mwaka huo huo."

Ya sosholojia: "Insha hii inauliza kwa nini watu wa kazi tofauti, wasio na mwajiri mmoja, walitenda kama kundi moja, na inapima maelezo mawili: masilahi ya kitabaka na mshikamano wa mitaani."

Ukizibadilishana, zote mbili zitaanguka. Msahihishaji wa historia atauliza nadharia hii ushahidi wake uko wapi; wa sosholojia ataandika pembeni kwamba umesimulia, hujachambua.

Mwalimu_Kongowea

Mimi nachagua njia ya pili, sosholojia itangulie, na sababu yangu ni moja: majina ya makundi. Mwanafunzi aliyeanza na historia huandika "Waarabu", "Waswahili", "Wamijikenda" kana kwamba ni vitu vilivyokuwepo hivyo hivyo tangu jadi. Sosholojia humfundisha mapema kwamba kundi lina mpaka, na mpaka una mlinzi.

Hapa Mombasa hilo lina uzito wa pekee. Serikali ya kikoloni iligawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na kodi, haki ya kura na mahakama zikafuata mgawanyo huo. Mwarabu aliwekwa upande wa wasio wenyeji. Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, wenye mji wao wa kale, wakahesabiwa wenyeji, nao wakadai kwa miaka mingi wahamishwe upande wa pili. Ukisoma madai yale bila kuuliza "aina hii ya watu ilitengenezwa na sheria gani?", utayachukulia kuwa ugomvi wa damu tu. Yalikuwa pia ugomvi wa kodi na kura.

Jina Mijikenda ni hivyo hivyo. Lilienea miaka ya 1940. Anayelitafuta kwenye faili za 1900 hatalipata, kisha ataandika kwamba nyaraka ziko kimya. Haziko kimya. Atafute Wanyika, au jina la kila kundi: Wagiriama, Waduruma, Wadigo, Warabai na wengineo. Wanyika ni jina la dharau, kwa hiyo ndani ya insha lieleze mara moja, kisha tumia majina yenyewe.

Mkaazi_Tudor

Shukrani mwalimu. Na saa kwa wiki? Anayechukua zote mbili ajipange vipi?

Daftari_Kisauni

Kurasa za historia ni nyingi lakini zinasomeka: panga 60 hadi 80 kwa wiki, saa tano au sita. Za sosholojia ni 30 hivi, ila husomwa mara mbili, kwa hiyo saa ni zile zile. Yaani zote pamoja ni saa kumi hadi kumi na mbili nje ya darasa. Mwenye yuniti ya takwimu muhula huo huo asijaribu, kwa sababu mazoezi ya takwimu hayasubiri na ndiyo yatakayokula saa hizo.

Madaftari yawe mawili, wala msiyachanganye. La historia lina safu nne kila ukurasa: tarehe, tukio, aliyeandika habari, na aliyeandikiwa. Safu ya nne ndiyo inayosahaulika. Ripoti ya mwaka ya mkuu wa wilaya iliandikwa ili mkubwa wake aisome, kwa hiyo "wilaya imetulia" yaweza kuwa na maana kwamba mwandishi anataka kupandishwa cheo. La sosholojia lina dhana juu ya ukurasa, fasili kwa maneno yako isiyozidi mistari mitatu, mfano mmoja wa pwani, na mfano mmoja unaoipinga dhana. Hilo la mwisho lisiachwe tupu.

Kuhusu Durkheim: wengi hueleza uchunguzi wake wa 1897 juu ya kujiua kana kwamba alitaka kujua kwa nini mtu fulani alijiua. Alichunguza viwango: kwa nini kundi moja lina kiwango kikubwa kuliko jingine, na kwa nini kiwango chenyewe hukaribia kuwa kile kile mwaka hadi mwaka. Ukikosea hapo, "ukweli wa kijamii", dhana yake ya nguvu ya jamii inayombana mtu kutoka nje, nao utakupita.

Binti_Majengo

Na kwa insha ya muhula, ni bora nyaraka au mahojiano? Mada ni mgomo wa 1947.

Bi_Nyaraka

Kwa 1947, nyaraka, mwanangu. Hesabu mwenyewe: aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo yuko karibu na 100. Utakachopata kwa watoto wake ni kumbukumbu iliyorithiwa, nayo ina thamani, lakini iite hivyo. Ukitaka mahojiano ya aliyeona kwa macho, sogeza mada mbele, mathalani mjadala wa Mwambao kabla ya uhuru, kama ukanda wa pwani ujitenge au uingie Kenya. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na jina la mtu usiliandike asipokubali.

Nyaraka kuu ziko Nairobi, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Usipande treni kabla hujajua unatafuta nini. Faili za mkuu wa mkoa huanza na PC/COAST, za wilaya ya Mombasa DC/MSA. Chukua barua ya idara, kitambulisho na penseli. Kila faili unayofungua, andika namba yake kamili, tarehe ya barua na namba ya ukurasa hapo hapo, kabla ya kunakili hata sentensi moja. Kurudi Nairobi kwa sababu ya namba moja ni gharama isiyo na sababu. Kwa asiyeweza kusafiri, aanzie maktaba ya Fort Jesus, na ripoti za tume zilizochapwa, kama ile ya Willan juu ya migomo ya 1939, ambayo yaonyesha wazi jinsi posho ya nyumba ilivyokuwa kiini cha madai.

Shimanzi

Nyongeza kwa Binti: ukitumia ripoti ya tume kwa sosholojia, usiichukue kama dirisha tu la kuwaona wafanyakazi. Ichukue pia kuwa tendo la serikali. Nani aliitwa kutoa ushahidi, kwa lugha gani, nani hakuitwa? Wanawake wa mtaa wa Majengo waliopangisha vyumba na kupika chakula cha vibarua watakupa kazi kuwatafuta humo.

Mwalimu_Kongowea

Hapo ndipo yuniti mbili zinapokutana kwa haki. Ila Tudor, bado nashikilia: mwenye nafasi ya yuniti moja tu muhula huu aanze na sosholojia.

Bi_Nyaraka

Nami nashikilia historia, mwalimu, kwa mwenye nafasi moja. Kwa mwenye nafasi mbili, na takwimu haimo, naafikiana na Shimanzi. Kabla ya kusajili, aangalie ratiba ya insha: zikidaiwa wiki moja, aende kwa wahadhiri wote wawili kufikia wiki ya tatu, awaeleze kwamba anatumia kisa kimoja kwa maswali mawili tofauti, na aombe idhini kwa maandishi. Aya ile ile ikionekana kwenye insha mbili bila idhini huhesabiwa udanganyifu, hata kama zote mbili ameziandika kwa mkono wake.